Kuvuka kwa Jani Moja

Nilipelekwa Matwebe kwa kazi moja tu: kumwangalia bibi yangu asianguke.

Alikuwa ameshaanguka mara moja, mwanzoni mwa masika, kati ya nyumba kubwa na jiko. Kwetu jiko hujengwa peke yake, na katikati kuna uwanja wa udongo ambao ukinyeshewa siku mbili unateleza kama sabuni. Na kwetu mvua haina habari ya siku mbili. Bibi aliteguka mguu. Baba mkubwa, kaka yake baba, anayeishi Bulyaga pale mjini Tukuyu, alikuja akamfunga bandeji, kisha akatangaza mbele yetu wote: "Wakianguka tena, nakuja na gari nawahamishia kwangu. Sitaki mjadala."

Alisema "wakianguka" ingawa alikuwa anamzungumzia mtu mmoja. Ndivyo tulivyo. Kinyakyusa humheshimu mkubwa kwa kumhesabu kama watu wengi. Rika lako unamsalimia "ugonile", yaani umelala, lakini bibi yako unamwambia "mugonile", kana kwamba ana wenzake nyuma ya mlango. Tukizungumza Kiswahili heshima hiyo tunaingia nayo. Bibi wamelala. Baba wamekula. Nilipokwenda kusoma sekondari ya bweni mkoa mwingine, asubuhi ya kwanza nilimuuliza mwalimu wa zamu, "Mwalimu, mmeamka?" Akageuka kutazama nyuma yake. Darasa zima lilinicheka, na tangu siku hiyo nikaamua kila mtu ni mmoja, hata bibi yangu. Ndiyo maana humu naandika "alisema". Nyumbani wanaona nina dharau.

Bibi mwenyewe hakutaka kuhama. Nyumba ya baba mkubwa ni nzuri, jiko liko ndani, choo kiko ndani, sakafu ina marumaru. "Ndiyo hiyo hiyo marumaru," alisema Bibi nilipomsifia. "Kule nitakaa kwenye kochi kama mto wa kochi. Wanakupangusa vumbi, wanakurudisha." Kwake yeye lilikuwa jambo la kufa na kupona, na aliniangalia nilivyoshuka na begi langu kama mtu anayemtazama askari.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uchumi na nasubiri ajira. Katika ukoo mzima ni mimi peke yangu ambaye sikuwa na pa kwenda asubuhi.

Siku ya pili mvua ilianza mapema. Bibi alikuwa nyumba kubwa, ndizi za mchana ziko jikoni. Nikainuka nimshike mkono. Akanisukuma. "Kaa. Wenye kazi wanakuja."

Walikuja wakitokea migombani, watoto wanne wa shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa shamba na ambaye siku nzima huwa kwenye kuchuma chai. Shule zilikuwa zimefungwa. Mkubwa wao alikuwa binti wa miaka kumi, kisha mapacha wa kiume wa miaka saba, kisha kitindamimba wa miaka mitano, msichana, ambaye ndiye alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Binti mkubwa alibeba jani la mgomba, zima, refu kuliko yeye, limetoka kukatwa na bado linatoa utomvu.

Mchezo waliuita Kuvuka. Wote wanaingia chini ya jani moja. Bibi anashika uti wake, ule mgongo mgumu wa katikati, upande wa mbele. Mapacha wanashika kingo, mmoja kulia mmoja kushoto, viwiko vyao vikiwa vimegusa viwiko vya Bibi. Binti mkubwa anashika nyuma. Kitindamimba hashiki kitu, anatangulia nusu hatua akipapasa udongo kwa kidole gumba cha mguu, na akikuta pabaya anapiga kelele, "Utelezi!" na wote wanasimama. Lazima wafike jikoni jani likiwa zima. Jani la mgomba, anayelijua anajua, linachanika kwa kutazamwa tu. Mmoja akiharakisha, limechanika. Mmoja akisita, limechanika. Likichanika wote wanasema "Tumechana!" na wote wanarudi nyumba kubwa kuanza upya na jani jingine, Bibi akiwemo.

Waliingia jikoni mara ya tatu, wamelowa nusu, wanacheka. Mimi nikawauliza kutoka mlango wa nyumba kubwa swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Haya, nani ameshinda?"

Kitindamimba akapiga yowe: "Amesema nani!"

"Tunarudi," alisema binti mkubwa kwa huzuni ya kweli.

Wakarudi wote kwenye mvua. Nikajitetea kwamba sikuwa mchezoni. Bibi, akipita mbele yangu na uti wa jani mkononi, akasema, "Umesimama mlangoni. Mlango nao umo. Msomi gani asiyeuliza sheria kwanza?"

Basi sheria ndiyo hiyo. Ndani ya Kuvuka hakuna kuuliza "nani". Nani kachana, nani kasukuma, nani kashinda: ukilitaja neno hilo unawarudisha wote mwanzo. Kwa mtu kama mimi ulikuwa mchezo wa mateso. Niliwarudisha mara nne siku hiyo.

Nilitaka kujua ulikotoka. Binti mkubwa alisema waliuanzisha wao baada ya Bibi kuteguka. Mapacha walisema Bibi ndiye aliyeuanzisha ili asiitwe mgonjwa. Bibi alisema ameukuta tangu anakua, halafu saa moja baadaye akasema hajawahi kuuona mpaka mwaka huu. Nikaacha. Nikageukia swali lililonisumbua zaidi: je, huu ni mchezo kweli, au ni kazi imevalishwa nguo za mchezo? Watoto wanne wamegeuzwa fimbo ya kutembelea bila kujijua. Nikamvuta binti mkubwa pembeni.

"Mkishamvusha Bibi mnapata nini?"

Akafikiri. "Jikoni kuna ndizi, dada."

"Na kama zisingekuwepo?"

"Zipo," alisema, akanitazama kwa kunihurumia.

Nikaingia mwenyewe. Nilipewa nafasi ya nyuma kabisa, na hatua ya tano nikakanyaga haraka kuliko wenzangu. Jani likavutika, likaachana kutoka ukingoni mpaka kwenye uti. "Tumechana!" wakaimba. Hakuna aliyenitazama. Nilijua ni mimi, na nilitamani hata mmoja aniambie ili nijitetee. Tuliporudi mlangoni, binti mkubwa, bila neno, alinitoa nyuma akaniweka katikati, ambapo nisingeweza kuvuta kokote. Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu ule mchezo. Nilidhani sheria ya kutouliza "nani" ilikuwa ya kuficha makosa. Kumbe walijua vizuri kabisa aliyechana. Walichokataa ni kupoteza muda kumsema. Nilikaa miaka mitatu chuoni kwenye kazi za vikundi na sikumbuki kikundi hata kimoja kilichofanya hivyo.

Na niseme jambo jingine, kwa kuwa naandika ukweli. Siku ya nne nilimwona Bibi, hatua tatu kabla ya jiko, akiingiza ukucha wa kidole gumba kwenye jani na kulipasua taratibu. "Tumechana!" akasema kabla ya wote, uso wake mkavu. Watoto wakageuka kurudi kwa furaha. Mwanamke wa umri ule, mguu umefungwa bandeji, analichana jani makusudi ili avuke tena. Ulimi uliniwasha, lakini swali langu lilianza na neno lililokatazwa.

Ningeacha mambo hapo, wiki zile zingekuwa nzuri tu. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba watu hufanya vizuri zaidi wakiwa na cha kushindania, na nilikuwa sijawahi kupata mahali pa kulijaribu jambo hilo kwa mikono yangu. Jumamosi moja mchana nikanunua pakiti mbili za biskuti. Nikakata majani mawili. Mapacha huku, binti mkubwa na kitindamimba kule. Watakaofika jikoni kwanza jani likiwa zima wanachukua pakiti zote. Bibi nilimwacha jikoni akimenya ndizi; sikuwa mjinga kiasi cha kumwingiza.

"Wanaobaki je?" aliuliza kitindamimba.

"Watajitahidi kesho."

"Kesho nani atawavusha Bibi?" Akajishika mdomo kwa mikono miwili. Nikamwambia leo ruksa kusema nani.

Nikahesabu mpaka tatu. Mapacha hawakufika hata katikati. Mmoja alimtazama mpinzani wake badala ya kutazama udongo, mguu ukamponyoka, akamshika ndugu yake, na wote wawili wakaburuzika kwenye matope mpaka kwenye ngazi ya jiko, jani vipande vipande juu yao. Walipoinuka, mmoja alikuwa na jino la mbele linalotoka damu.

"Wewe ndiye!"

"Nani? Wewe ndiye ulinishika!"

"Wewe! Wewe! Siku zote wewe!"

Wakaanza kupigana. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakigombana. Bibi alisimama mlangoni na kisu na ndizi nusu imemenywa, akanitazama mimi.

Nikawabeba mapacha hadi kwenye bomba kuwaosha, simu yangu nikamwachia binti mkubwa. Ndipo baba mkubwa akapiga, kama alivyopiga kila siku, kuuliza hali ya mama yake. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na sikuusikiliza vizuri kwa sababu mtoto alikuwa analilia jino.

"Shikamoo, mjomba. Sisi hatujambo." Kimya kidogo. "Wameanguka." Kimya. "Hapo uwanjani, sasa hivi. Wanatoka damu mdomoni. Wanalia, dada anawaosha."

Kisha simu ikazima, chaji imeisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Akairudisha mfukoni mwangu kwa adabu.

Haikupita saa moja na nusu, pikapu ikaingia ikirusha matope. Baba mkubwa alishuka na viatu vyake vya ofisini, na nyuma ya gari niliona turubai na kamba. Aliingia nyumba kubwa bila kubisha hodi.

"Wako wapi?"

"Shikamoo, baba mkubwa. Jikoni."

"Jikoni! Wameanguka, wanatoka damu, na mnawaweka jikoni? Kitanda hakuna?"

"Nani ameanguka?" niliuliza.

"Usiniulize nani! Huyu mtoto ameniambia kwa mdomo wake. Wameanguka, wanalia."

Binti mkubwa alirudi nyuma mpaka ukutani. Nilimtazama yeye, nikamtazama baba mkubwa, na nikaelewa polepole kilichotokea. Kila siku mjomba aliuliza, na kila siku mtoto alijibu: wamekula, wamelala, wameamka vizuri. Siku zote hizo "wa-" ilikuwa Bibi. Leo mtoto amesema kuhusu mapacha, mjomba akasikia mama yake. Wote wawili walizungumza kwa usahihi. Mtu wa mkoa mwingine angeuliza, "Wangapi?" Mtu wa kwetu hawezi kuuliza mama yake ni wangapi.

"Mapacha, mjomba," mtoto alisema kwa sauti ndogo. "Mapacha ndio wameanguka."

Baba mkubwa alikaa kitini. Alifuta uso kwa kiganja, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Kisha akauliza, "Na mapacha wameangukaje?"

Ningeweza kusema ni mvua. Nikamweleza biskuti, majani mawili, kuhesabu mpaka tatu.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "wewe niliyekuleta uzuie watu kuanguka, ndiye unayewafundisha kuanguka."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Shahada hiyo."

"Ndiyo."

Akasimama. "Basi. Gari limeshakuja. Leo ni watoto, kesho ni wao. Fungasha nguo za Bibi."

Sikufungasha. Nilisimama tu, nikijua kwamba kama Bibi angeondoka siku ile angekuwa ameondolewa na biskuti zangu. Kutoka jikoni sauti yake ilivuka uwanja. Alikuwa ameliona gari.

"Kamba ya nini hiyo? Umekuja kufunga ng'ombe?"

"Mama, mugonile! Nakuja kuwachukua!"

"Njoo basi!"

Mvua ilikuwa imerudi kwa nguvu. Baba mkubwa alitazama uwanja, akatazama viatu vyake. Watoto hawakungoja. Binti mkubwa alikuwa ameshatoka na kurudi na jani, kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona. Wakamzunguka mjomba wao na kumpa ukingo mmoja ashike, wote wakiwemo, hata pacha aliyeumia jino, na mimi nikawekwa katikati kama kawaida. Akashika, nadhani kwa kushangaa.

Hatua ya pili: "Nani ananikanyaga?"

"Amesema nani!"

"Tunarudi, mjomba."

"Tunarudi wapi? Mimi sina muda wa…" Lakini alikuwa amezungukwa, na jani lilikuwa limeshageuka. Akarudi.

Mara ya pili kichwa chake kilitoboa jani. "Tumechana!" wakasema. Yeye akasema, "Hapana, nimechana mimi, ni kichwa changu." Watoto wakatazamana. Sheria haikuwa na jibu la mtu anayekiri. Kitindamimba akaamua: tunarudi, na mjomba akunje magoti. Mara ya tatu mtu mzima yule, mwenye ofisi yake, alitembea amejikunja kama anatafuta sindano, akisimama kila sauti ya "Utelezi!" iliposikika. Tukafika.

Bibi alimsalimia, akamkagua suruali, akasema tu, "Sasa turudi, nguo zangu ziko kule. Si umekuja kunichukua?" Akashika uti wa jani. Baba mkubwa alinyoosha mkono amshike bega. "Shika jani," alisema Bibi. "Bega linajishika lenyewe."

Katikati ya uwanja mguu wake mbovu uliteleza.

Haikuwa igizo, nilikuwa nimeshajua uso wake wa kuigiza. Nilisikia pumzi ikimkatika. Na hakuna aliyeachia jani. Viwiko vya mapacha vilikuwa pale pale vilipokuwa kila siku, binti mkubwa aliegemea mbele, kitindamimba alikuwa ameshageuka na kumshika magoti, na mimi na baba mkubwa, bila kufikiri, tulisogea ndani kama mlango unaofungwa. Bibi alibaki amesimama. Tukangoja. Mvua ililia juu ya jani. Kisha mtoto akapapasa udongo mahali pengine, akasema, "Hapa," tukaendelea, na jani likafika zima.

Ndani, baba mkubwa alikunywa chai mpaka ikaisha.

"Nimeusikia ule mguu," alisema. "Msidhani sikuusikia."

"Umeusikia," alikubali Bibi.

"Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Watoto wakiwa darasani, mnavuka na… mnavukaje?"

Nilimwona akilikwepa neno. Hilo ndilo lilikuwa swali la kweli, ambalo mimi mwenye maswali yote sikuwa nimeliuliza. Watoto walimtazama Bibi. Bibi alitazama kikombe.

"Na mimi," nikasema. "Asubuhi na mchana. Jioni watoto wamesharudi."

"Jani moja watu wawili?"

"Nitakata dogo."

"Na ajira ikitoka?"

"Sijui," nilisema. Sikutaka kumdanganya. Sidhani kama mchezo unazuia mtu kuanguka, na sidhani mpaka leo. Nilichokiona ni kwamba alipoteleza kulikuwa na watu sita mahali sahihi, na hakuna aliyekuwa amewapanga kwa hofu. "Ikitoka tutakaa tena tuzungumze."

Baba mkubwa alitazama uwanja kupitia mlangoni. "Jumatatu naleta mawe," alisema mwishoni. "Tunayapanga kutoka hapa mpaka jikoni. Na wewe mama, wakati mawe hayajafika, usivuke peke yako hata kidogo." Alisahau kusema "msivuke", na kwa uso wake nikajua ni hofu iliyomfanya asahau. "Ukikubali hayo, baki."

"Ndaga," alisema Bibi. Asante. Neno moja, kavu, halafu akainuka kumtafutia ndizi za kupeleka mjini.

Gari lilipoondoka Bibi alibaki ameegemea ukuta, akisikiliza. Barabara yetu inapanda, unalisikia gari kwa muda.

"Limekwenda?" aliuliza.

"Limekwenda, Bibi."

"Halijageuka pale juu?"

Nikatoka mpaka barabarani nikatazama. Taa za nyuma zilikuwa zimeshapita kilima. Niliporudi kumwambia, nilimkuta ameketi kitandani, mikono yake yote miwili imeubana ule mguu mbovu. Nikaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Matwebe sikumuuliza kitu.